Hofu ya Mama wa Seva

Kabla hajafungua chumba cha mashine, alikuwa anaweka kiganja kwenye mlango na kutulia. Mtu asiyemjua angedhani anasali. Alikuwa anapima joto. Mlango ukiwa na vuguvugu, kiyoyozi kimezimika na mashine zinaungua humo ndani. Mlango ukiwa baridi, kama kawaida ya asubuhi za Mbulu, bado hakuridhika. Aliinamisha kichwa akasikiliza feni. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi, na sikumbuki hata asubuhi moja ambayo aliufungua mlango ule kama mtu anayefungua mlango tu.

Hospitali nzima ilimwita Mama wa Seva. Wapo waliofanya naye kazi mpaka wakastaafu bila kulijua jina lake jingine. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sweta la kijivu alilolivaa hata wakati wa jua, na alitembea karibu na ukuta, kana kwamba katikati ya korido kuna kitu kinaweza kupita na kumgonga.

Kazi yake ilikuwa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Hospitali yetu iko juu, kwenye nyanda za Mbulu, na ina tawi dogo kule Katesh, chini ya Mlima Hanang. Zamani kila mgonjwa alikuwa na faili lake la karatasi. Baadaye kila kitu kiliingizwa kwenye kompyuta: jina, namba ya mgonjwa, kundi la damu, dawa zinazomdhuru, mimba ni ya ngapi. Daktari akiandika namba, maisha ya mtu yanatokea kwenye skrini. Wengi tulifurahi. Mama wa Seva hakufurahi. Siku ile ya kwanza wakati wengine wanapiga makofi, yeye alikuwa ananong'ona sikioni mwangu, "Sasa wote wamo ndani ya sanduku moja. Umeliona hilo sanduku? Linapumulia waya mmoja."

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Watu wengine huogopa wachawi, nyoka, au kufa. Yeye aliogopa kitu kilicho kimoja.

Alisumbua uongozi mpaka akapewa seva ya pili, sanduku jingine kama lile, akaiweka Katesh. Sisi tuliziita seva ya juu na seva ya chini. Kilichoandikwa kwenye seva ya juu kilinakiliwa papo hapo kwenye ya chini, ili moja ikifa nyingine ishike kazi bila mgonjwa kujua. Tena hazikukaa moja inafanya kazi na nyingine inatazama. Jumatatu, siku ya kliniki ya akina mama wajawazito, watu walipojaa mpaka getini, mfumo ulikuwa unakwama kabisa, skrini zinaganda, wauguzi wanapiga meza. Mama wa Seva akagawa mzigo. Mapokezi, ambako watu huandikishwa, waliendelea kupeleka kila kitu seva ya juu. Maabara na duka la dawa, ambao kazi yao kubwa ni kusoma, maswali yao yaligawanywa, mengine juu, mengine chini. Foleni ikaanza kutembea. Muuguzi mmoja alimletea soda kwa furaha. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaniambia, "Ikifanya kazi vizuri hivi watu wanasahau kuwa inaweza kusimama."

Alikuwa na mchezo mmoja ambao nusura umfukuzishe kazi. Mtu mwoga kuliko wote hospitalini ndiye aliyekuwa anang'oa waya wa umeme wa seva ya juu, mchana kweupe, kliniki ikiwa imejaa. Alifunga macho, akavuta. Kisha alisimama na waya mkononi, jasho likimtoka, akisubiri kuona kama ya chini itashika. Mara ya kwanza nilipoona nilimshika mkono.

"Mama, unafanya nini?"

"Niachie. Nataka ife mbele yangu, nikiwa mzima, mchana, na wewe upo. Au unataka ichague yenyewe siku ya kufa?"

Ya chini ilishika. Lakini palikuwa na kusitasita kidogo, na mganga mkuu alikuwa katikati ya kuandika dawa. Alikuja mbio, koti jeupe linapepea.

"Ni nani amezima?"

"Ni mimi, Daktari. Shikamoo."

Mganga mkuu alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi; shikamoo ile ilimchanganya. "Mama, usiniamkie. Niambie kwa nini umezima."

"Ili nijue kama itawaka, Daktari."

"Na kama isingewaka?"

"Ningejua leo."

Alipewa onyo la mdomo. Mwezi uliofuata aling'oa tena.

Kuna kikao kimoja cha bodi ambacho sitakisahau. Mjumbe mmoja alikuwa mzee mfugaji kutoka tambarare za Hanang, mwenye shuka na fimbo, mtu ambaye hakusinzia vikaoni kama wenzake. Aliuliza kwa Kiswahili chake cha polepole kwa nini hospitali ilishe mashine mbili kwa kazi ya mashine moja.

Mama wa Seva alisimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, ng'ombe wako wote wanalala kwenye boma lako?"

Mzee akacheka. "Mimi siyo mjinga. Wengine wako kwa rafiki yangu kule juu. Wengine kwa mkwe. Ugonjwa ukiingia boma moja, unataka nibaki na fimbo tu?"

"Ndiyo hivyo hivyo, mzee. Nimepeleka ng'ombe wa hospitali kwa rafiki."

Wajumbe wakacheka, nikadhani yameisha. Mzee hakucheka nao. Alisema, "Vizuri. Na siku rafiki yako akisema ng'ombe ni wake?"

Mama wa Seva alikaa chini. Tulipotoka nje nilimkuta amesimama karibu na tangi la maji, mikono ameificha ndani ya mikono ya sweta.

"Yule mzee," alisema, "ameuliza kitu kinachoniamsha usingizini."

Alinieleza. Fikiria, alisema, barabara ya mawasiliano kati ya juu na chini ikatike. Seva ya chini haiioni ya juu. Itadhani ya juu imekufa, ijipe ukubwa, ianze kuandika yenyewe. Kumbe ya juu haijafa. Nayo inaandika. Zote ni nzima, kila moja inajiona ndiyo mwenye mali, na kila moja inaandika habari tofauti za watu walewale. "Mashine ikifa, unalia unaendelea," alisema. "Mashine mbili zikigombea ukweli, unamzika mtu kwa kosa na hujui kama ulikosea."

Wafugaji wakikabidhiana ng'ombe huweka shahidi, na yeye akaweka shahidi. Alitafuta kompyuta ndogo, akaifunga kwenye kituo cha afya cha Dongobesh. Haikutunza kumbukumbu zozote. Kazi yake ilikuwa kuona tu. Seva yoyote iliyotaka kuandika ilipaswa kuonana na mwenzake, au angalau na shahidi. Iliyobaki peke yake, haioni yeyote, ilipaswa kunyamaza na kukataa kuandika hata ikibembelezwa. Dongobesh walikuwa wanachomoa waya wa shahidi ili wachaji simu. Mama wa Seva alikuwa anapanda pikipiki, yeye aliyeogopa pikipiki, kwenda kuurudisha na kuwasihi kwa heshima kama anayemwombea mtoto wake.

Mtu huyu aliyetaka kila kitu kiwe viwili, mwenyewe alikuwa mmoja. Ufunguo wa chumba ulikuwa mmoja, shingoni mwake. Amri za ndani kabisa za mfumo, zile za kuilazimisha seva kuwa kubwa au kunyamaza, alizijua peke yake. Nilimwomba anifundishe. Alinifundisha mengine yote kwa uvumilivu mwingi, lakini akifika hapo alifunga mdomo.

"Siku ukianguka, Mama?"

"Nikianguka mtakwama. Lakini kila mkono unaoijua amri ile ni mkono unaoweza kuitumia akili ikiwa haipo. Nauogopa hata wa kwangu."

Nilichukia. Nilimwona mchoyo. Jumapili kanisani nilimwona yuko kwenye kwaya, anaimba sauti ya pili, vizuri mno, na kila alipoombwa na mwalimu wa kwaya ashike ubeti peke yake alikataa katakata. Mtoto wa mfanyakazi akiugua, yeye ndiye wa kwanza kumwambia mzazi nenda nyumbani, kazi yako nitaifanya mimi. Aliwajua wagonjwa wa zamani kwa sura na aliwauliza habari za mashamba. Lakini hakuna aliyejua kama yeye mwenyewe alikuwa anaumwa kitu, au kama kuna mtu aliyemsubiri jioni. Tulikuwa tunajua tu kwamba ana shamba katika kijiji cha Daudi.

Hatimaye amri ile alimfundisha mtu mmoja, na hakuwa mimi. Alimfundisha fundi wa tawi la Katesh, mwalimu wa zamani wa hesabu, mtu mzima mtaratibu mwenye familia. Aliniambia sababu: Katesh ni mbali, radi za kule ni kali, na huenda siku moja seva ya juu ikafa kweli na shahidi akafa naye. "Nimemwapisha," alisema. "Asiitumie mpaka asikie kwa masikio yake kwamba ya juu imekufa." Baada ya kumfundisha aliumwa kichwa wiki nzima.

Aliogopa radi, panya, moto, na wezi wa nyaya. Tope hakuliogopa. Hakuna aliyeliogopa.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha kwa muda mrefu. Nilipofika kazini nilikuta watu wamekusanyika kwenye redio ya mlinzi, mikono vinywani. Mlima umeshuka, walisema. Sehemu ya Mlima Hanang imeporomoka na maji, mawe na magogo, imepita Katesh kwenye makazi ya watu, mtaa wa Jorodom umefunikwa. Wengine walikuwa na ndugu kule. Walikuwa wanapiga simu, na simu hazikuita.

Mama wa Seva alikuwa tayari chumbani. Alinionyesha kwenye skrini: chini hakuonekani. Ya juu inaonana na shahidi wa Dongobesh, inaandika kama kawaida. "Ya chini, kama bado ipo, imenyamaza," alisema. "Ndivyo nilivyoipanga." Alisema hivyo huku akitafuna ukosi wa sweta.

Magari ya kwanza ya majeruhi yalifika kabla ya mchana. Nimeona ajali katika maisha yangu, lakini sijaona watu wa rangi moja namna ile. Tope liliwafanya wote wafanane, mwanamke na mwanaume, mzee na kijana. Wauguzi wa Katesh walikuwa wamewafunga utepe mkononi wenye namba, ile namba ya mgonjwa inayotolewa na mfumo.

Nilikuwa mapokezi nikisaidia kuandika. Wakaleta mwanamke mmoja kutoka Jorodom, mguu umefungwa kwa mbao na kanga, midomo imekuwa myeupe. Hakuweza kusema. Nilisoma namba kwenye utepe wake, nikaiandika. Skrini ikafunguka haraka, safi, bila kukwama. Ikaniletea mzee wa Daudi aliyevunjika nyonga, aliyeandikishwa asubuhi ileile hapo kwetu.

Nilidhani nimekosea namba. Nikaandika tena. Mzee yuleyule.

Nilimfuata Mama wa Seva, nikamweleza. Nilimwona akipoteza rangi taratibu, kuanzia midomo.

"Rudia. Utepe umefungwa wapi?"

"Katesh, Mama."

"Namba imetolewa leo?"

"Dereva anasema wameandikwa leo, mfumo unafanya kazi kule."

Akakaa kwenye kiti, akasimama tena. "Ametumia ile amri," alisema. "Fundi wa Katesh ameitumia. Ya chini inaandika. Zote mbili zinaandika. Zote mbili zinagawa namba zilezile."

Nilielewa kilichofuata kabla hajakisema. Mimi niligundua kwa vile namba ya mwanamke ilinipa mzee. Je, ya mwanamke ikitoa mwanamke? Ya kijana ikitoa kijana? Nani atashtuka? Tangu asubuhi ni wangapi walikuwa wameshapita pale mezani, tukasoma habari za mtu mwingine, tukawapeleka wodini?

Mama wa Seva alikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia. Alikimbia katikati ya korido akipaza sauti ile ya kwaya, sauti ya mtu anayeimba peke yake sasa: "Msiamini skrini! Acheni skrini! Muulizeni mtu mwenyewe!"

Kwenye chumba cha upasuaji mdogo muuguzi alikuwa ameshatundika mfuko wa damu juu ya msichana mmoja aliyetoka Katesh. Damu hupimwa upya kila mara kabla ya kuingizwa, ndiyo sheria, lakini siku ile maabara ilikuwa imezidiwa, msichana alikuwa anazimika, na skrini ilionyesha kundi la damu lililoandikwa saa chache tu zilizopita, la msichana wa umri uleule. Mrija ulikuwa bado umefungwa. Mama wa Seva aliushika kwa vidole viwili, akaukunja, akaung'ang'ania.

"Mama, atakufa," muuguzi alisema, machozi yanamtoka.

"Mpime, mwanangu. Mpime sasa hivi. Nitaushikilia mimi."

Walimpima palepale. Kundi lilikuwa tofauti. Muuguzi alikaa sakafuni. Mfuko ukabadilishwa, na msichana yule akaishi. Lakini mpaka leo naisikia mvua ile juu ya bati, majibu yalipotoka.

Nilidhani hofu kubwa imepita. Mama wa Seva alinivuta pembeni. "Bado. Sikiliza. Mtandao ukirudi sasa hivi, seva ya chini itaiona ya juu ikiwa na shahidi. Itajua kwamba ya juu ndiyo yenye haki. Itafuta ilichoandika tangu asubuhi ili ifanane na ya juu. Unaelewa? Majina ya watu waliotolewa kwenye tope. Yupo wapi, amepelekwa hospitali gani, ana jeraha gani. Yote yako kule tu. Nimeipanga mimi iyafute."

Mtandao ungeweza kurudi wakati wowote. Mafundi wa simu walikuwa njiani, na kila mtu aliwaombea wafike haraka. Nami nilisimama pale nikiomba wachelewe, na naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo nilivyoomba.

Mganga mkuu alitukuta mlangoni pa chumba cha mashine. Alikuwa na damu kwenye mikono ya koti.

"Mnafanya nini? Nimeambiwa mnataka kuzima."

"Nazima ya juu, Daktari."

"Ya juu ndiyo inayofanya kazi! Nina wodi zimejaa, na unazima mashine iliyo nzima, inayojibu?"

"Inajibu, Daktari. Inajibu haraka, na haijui kama inadanganya. Rudini kwenye karatasi. Kila mgonjwa aulizwe jina kwa mdomo, asiyeweza kusema aandikwe alivyo, nguo alizovaa, kovu alilonalo. Nakuomba kama mwanangu."

Mganga mkuu alimtazama. Nadhani alikumbuka zile siku zote za kung'olewa waya. Alisema, "Zima," akaondoka akiwaita wauguzi.

Aling'oa. Safari hii hakufunga macho. Tulipiga simu Dongobesh mara nyingi mpaka ikaita, na mhudumu wa kule kwa mara ya kwanza aliambiwa na Mama wa Seva achomoe waya wa shahidi, ili shahidi asije akaiambia ya chini kwamba ya juu ndiyo yenye haki. "Mama, una uhakika?" nilimsikia akiuliza. "Sina," alijibu. "Chomoa."

Feni zilipokoma, chumba kile kilikuwa kimya kama kanisa siku ya katikati ya wiki. Mashine aliyoilea miaka yote ilikuwa imekufa kwa mkono wake, na hospitali ikaendeshwa siku ile na zilizofuata kwa kalamu, na vipande vya maboksi vilivyofungwa shingoni mwa watu.

Mtandao ulirudi siku iliyofuata asubuhi. Seva ya chini ilitafuta mwenzake, haikumwona, ikaendelea kushika majina iliyoyashika.

Barabara ilipofunguka tulikwenda Katesh. Nilitegemea atamgombeza fundi. Tulimkuta ofisini, nguo zake zina tope lililokauka, hajarudi nyumbani. Alipomwona Mama wa Seva alisimama kama mwanafunzi.

"Shikamoo, Mama. Nilivunja kiapo."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. "Walikuwa wanaletwa, Mama. Mmoja juu ya mwingine. Mashine inasema haiandiki. Watu wako mlangoni wanauliza, mke wangu kaletwa hapa? Mtoto wangu kaletwa? Na mimi sina pa kuwaandika. Simu yako haiiti. Nikajua ninachofanya ni hatari. Nikafanya."

Mama wa Seva alikaa yeye. Alitazama ukutani ambako palikuwa na alama ya maji, juu kidogo ya goti. Seva ilikuwa kwenye meza, umbali wa kiganja kutoka kwenye alama ile.

"Ungenitii," alisema, "wangekosa majina."

"Na nilivyofanya?"

"Nusura tuue mtoto wa watu."

Nje kulikuwa na wanaume wanachimba. Naamini wote wawili walikuwa wamesema ukweli, na ukweli ule haukumsaidia yeyote.

Kuunganisha kumbukumbu mbili zile kulituchukua muda mrefu. Hakuna mashine iliyoweza kutufanyia. Tulikwenda mtu kwa mtu: huyu wa juu, huyu wa chini, hawa ni mmoja, hawa ni wawili. Wapo waliokuwa na namba moja na mmoja wao alikwishafariki, na ilibidi tuhakikishe kifo kinaandikwa kwa aliyekufa. Mama wa Seva alisoma kila jina kwa sauti kabla ya kuligusa. Kazi ilipoisha alivua ufunguo shingoni, akaenda mjini akachongesha mwingine, akanipa. Siku zilizofuata akanifundisha zile amri, zote, akinisimamisha kila hatua na kuniuliza nini kinaweza kuharibika hapa. Nilikuwa nimeutaka ujuzi ule miaka yote. Nilipoupata nilitamani kuurudisha.

Alistaafu kimyakimya, bila sherehe. Siku moja alikuja, siku iliyofuata hakuja tena.

Nilimwona tena mwaka huu. Nilikwenda Daudi kwa pikipiki, mchana, bila kumwambia. Nilimkuta shambani anang'oa vitunguu saumu, amejifunga kanga kichwani, amenenepa kidogo. Aliweka jembe chini, akanifuta vumbi begani kama mama yeyote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae. Hali ya nyumbani?"

Tuliongea habari za vitunguu, bei mbaya ya mwaka huu, kwaya. Alinipa maziwa ya mgando kwenye kikombe kikubwa. Nilimaliza kikombe, ndipo nikasema kilichonileta. Uongozi ulikuwa umeongeza vituo vingine kwenye mfumo. Seva sasa ni nyingi kuliko zamani, na zote zinanitazama mimi. Silali. Nikisikia mvua naamka, nikisikia simu naruka. Nilimwomba arudi, hata siku chache kwa wiki, hata akae tu ofisini asifanye lolote.

Alinisikiliza huku akisuka majani ya vitunguu kuwa fungu. Alikuwa anasuka haraka, bila kutazama.

"Mimi huku nalala," alisema. "Sikuwahi kujua usingizi una utamu gani. Nalala mpaka jogoo ananichoka."

"Nafurahi, Mama."

"Ndiyo maana siwezi kurudi. Mtu anayelala hivi hafai kule." Alifunga fungu, akalijaribu uzito. "Tena nikirudi, na wewe utalala. Utasema Mama yupo. Nitakaa pale kama kinyago, na nyote mtalala."

Upande wa kusini, juu ya Hanang, wingu lilikuwa limeanza kukusanyika, jeusi chini na jeupe juu. Aliona nilivyolitazama.

"Unaogopa?" aliuliza.

Nilitaka kusema hapana, mbele yake, mimi mtu mzima mwenye watoto. Nikasema, "Naogopa, Mama. Naogopa sana."

Alinipa fungu la vitunguu, akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki.

"Vizuri," alisema. "Basi nenda, mvua inakuja."